Umeombwa kushiriki utafiti wa tiba? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya sikuyatunga mezani. Ndiyo ninayoulizwa kwenye mabenchi ya kliniki, wodini, na mara nyingine njiani nikitoka kazini, tangu nilipoacha uuguzi wa wodi nikaanza kazi ya kuwaelezea watu utafiti kabla hawajaamua kuingia au kutoingia. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa. Yapo yanayohitaji maelezo marefu, na yapo ambayo mistari miwili inayatosha.

Utafiti wa tiba una tofauti gani na kutibiwa tu?

Ukienda kutibiwa, daktari anashughulika na wewe: unaumwa nini, dawa gani itakufaa. Ukiingia kwenye utafiti linaongezeka jambo la pili. Kuna swali ambalo jibu lake halijapatikana, na wewe unasaidia lipatikane ili liwafae watu wengi ambao hutawaona. Huenda ukafaidika mwenyewe, huenda usifaidike. Mtu akikuambia "ingia, utapona", huyo hajakueleza utafiti. Muulize tena, au muulize mwingine.

Tafiti nyingi hazitoi dawa yoyote. Watafiti wanapima, wanauliza na kulinganisha. Wenyeji wa Arusha na Kilimanjaro wanajua jinsi watoto wengi wa huko wanavyoota meno yenye madoa ya kahawia. Watafiti walipima maji ya kunywa, wakapima hata magadi yanayotumika jikoni, wakakuta floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka floridi kwenye maji isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo chini ya Mlima Meru vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Hakuna mtu ambaye angewanywesha watoto maji yale kwa makusudi ili aone meno yataharibika vipi. Ilitosha kulinganisha maji na vinywa vya watu waliokuwa wakiyanywa tayari.

Kundi la pili ndilo linaloitwa majaribio ya tiba: watu wanapewa dawa, chanjo, upasuaji au kifaa, kisha wanafuatiliwa. Maswali mengi yaliyobaki hapa yanahusu kundi hili.

Kwani madaktari hawajui dawa inayofaa? Wanajaribu nini?

Swali hili nalipenda, na jibu lake nalitoa kwa hadithi moja ya kweli iliyotokea hapa kwetu.

Mtoto anafika hospitali na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, damu haizunguki vizuri. Kwa miaka mingi mafundisho yalikuwa kwamba mtoto wa namna hiyo afunguliwe maji ya mshipa kwa wingi na kwa haraka. Ndivyo nchi tajiri zilivyokuwa zikifanya. Katika hospitali zetu nyingi hilo halikuwa likifanyika, kwa upungufu wa vifaa na watu, na wengi tuliamini kwamba watoto wetu wanakufa kwa kukosa maji hayo.

Mwaka 2009 ukaanza utafiti ulioitwa FEAST katika hospitali 6: Teule iliyoko Muheza mkoani Tanga, Kilifi kwa upande wa Kenya, na nne za Uganda, ambazo ni Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kuna waliofunguliwa maji ya chumvi kwa haraka, kuna waliopewa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, kwa haraka, na kuna ambao hawakupewa maji ya haraka bali walitibiwa kwa njia nyingine zote za kawaida.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikiangalia usalama wa watoto wale ikaamuru uandikishaji usimamishwe kabla idadi iliyopangwa haijatimia. Katika saa 48 za mwanzo, kwenye makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka walikuwa wamekufa watoto kama 10 na nusu katika kila 100. Katika kundi ambalo halikupewa, walikufa 7.3 katika kila 100. Tiba iliyoaminika duniani kote ilikuwa ikiongeza vifo, watoto watatu wa ziada katika kila mia.

Na hapa pana jambo ambalo halijawahi kunitoka kichwani. Data zilipochambuliwa zaidi ilionekana kwamba katika saa ya kwanza, watoto waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu kuliko wenzao. Mikono ilipata joto. Daktari aliyesimama kando ya kitanda, tena daktari mzuri, angeapa kwamba maji yamemsaidia mtoto. Kifo kilikuja baadaye, moyo na mzunguko wa damu ukishindwa. Uzoefu wa mtu mmoja, hata akae wodini miaka 30, usingeweza kuliona hilo. Lilionekana kwa sababu watoto waligawanywa kwa nasibu, wakahesabiwa mmoja mmoja, wazima na waliofariki.

Ndiyo maana mtu akiniambia "daktari wangu anajua tu", namheshimu daktari wake, lakini namsimulia habari za Muheza na Kilifi.

Mbona mnatufanyia sisi? Kwa nini wasijaribu Ulaya kwanza?

Uliza hivyo kila mara, kwa sababu kuna wakati jibu halitakuwa zuri. Utafiti wa ugonjwa usiotuhusu, wa dawa ambayo haitafika kwenye duka la dawa la mtaani kwetu kamwe, haupaswi kufanyika hapa, na kamati za maadili zinapaswa kuukataa.

Lakini mara nyingi jibu ni kwamba dawa inayofanya kazi kwingine haijulikani itafanyaje kwenye mwili wa mtoto anayeumwa malaria mara tatu kwa mwaka. Chukua selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Haidroksiyurea ilikuwa ikitumika Marekani na Ulaya kwa miaka mingi, ikipunguza maumivu kwa wagonjwa. Huku kwetu ilihofiwa: dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, je, haitamwacha mtoto wazi mbele ya malaria na maambukizi mengine? Watoto wakaendelea kuikosa kwa sababu ya hofu ambayo hakuna aliyeipima. Utafiti wa REACH ukawapa dawa hiyo watoto 606 Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe ikapungua. Jibu hilo lisingeweza kupatikana Chicago.

Malaria kali nayo ni hivyo hivyo. Tulikuwa tukifungua dripu za kwinini tukiangalia saa, tukiogopa sukari ya mtoto isishuke ghafla. Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ulionyesha kwamba waliopewa sindano ya atesuneti walikufa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Leo muuguzi kijana hajawahi kupigana na dripu ile. Muheza na Korogwe walikuwemo katika utafiti huo.

Na wapo ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, vita vikiendelea, vituo vya matibabu vikishambuliwa, wagonjwa 681 wa Ebola katika miji kama Beni, Mangina, Butembo na Katwa walishiriki utafiti wa dawa nne, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa miongoni mwa viongozi wake. Dawa mbili zilionekana kuokoa watu zaidi: waliozipata walikufa kama theluthi, wakati kwenye dawa nyingine mbili ilikuwa nusu. Moja ya hizo mbili nzuri, ile ya mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Mkongomani aliyepona akawa chanzo cha dawa ya Wakongomani.

Damu yetu mnaipeleka wapi?

Waliokulia pwani wanajua habari za mumiani, watu wanaosemekana kunyonya damu za wenzao. Bibi zetu walitutisha nazo, na sitamcheka mtu anayeuliza swali hili. Ana haki ya kujibiwa kwa vipimo.

Fomu ya ridhaa lazima iseme ni damu kiasi gani, mara ngapi, na ya kupimwa nini. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Kama fomu inasema vijiko viwili leo na viwili baada ya mwezi, basi hivyo ndivyo itakavyokuwa, na ukiona vinazidi, simamisha mkono wako uulize. Sampuli ikipaswa kwenda nje ya nchi, lazima uelezwe, na lazima kuwe na mkataba wa kusafirisha sampuli uliokubaliwa na mamlaka za hapa. Kuhifadhi damu kwa ajili ya tafiti za baadaye ni swali la peke yake kwenye fomu. Unaweza kukubali utafiti ukakataa hilo.

Nitajuaje nimewekwa kundi gani? Naweza kuchagua?

Huwezi kuchagua, wala mtafiti hawezi kukuchagulia. Hicho ndicho kiini cha jaribio. Daktari akiruhusiwa kuchagua, atampa dawa mpya yule anayemwona hoi zaidi, au yule mwenye nafuu, na mwisho wa siku hutajua kama ni dawa iliyofanya kazi au ni hali ya mgonjwa. Kwa hiyo inapigwa kura, siku hizi kwa kompyuta. Ninapoeleza huwa nawaambia wakumbuke kuokota vikaratasi vilivyokunjwa.

Mara nyingi wewe hujui kundi lako na anayekupima hajui pia. Hilo huwaudhi watu, naelewa. Lakini kila fomu inaeleza kwamba ukipata dharura, siri hiyo inafunguliwa mara moja ili utibiwe sawasawa.

Kwa hiyo mwanangu anaweza kupewa maji matupu?

Kinachozungumzwa hapo ni plasebo, yaani kidonge au sindano inayofanana na dawa lakini haina dawa ndani. Wengine huiita "dawa bandia", jina ambalo silitumii kwa sababu kwetu dawa bandia ni ile ya matapeli.

Kanuni ni kwamba kama ugonjwa tayari una tiba inayojulikana kufaa, kundi la kulinganisha hupewa tiba hiyo. Haliachwi mikono mitupu. Ndivyo ilivyokuwa kwa atesuneti na kwinini. Kwenye chanjo huwa kuna njia nyingine nzuri. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa kuanzia 2009 kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, katika vituo kama Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa kwa Kenya, watoto wakubwa kidogo wa kundi la kulinganisha walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kila mtoto akaondoka na chanjo yenye faida. Nakumbuka mama mmoja aliyesikia habari hiyo akasema, "Basi hata akikosa ya mbu, amepata ya mbwa." Alikuwa ameelewa kuliko baadhi ya wanafunzi wetu.

Nasikia kuna awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni nini?

Awamu ya kwanza ni ya watu wachache, mara nyingi makumi tu, wengi wao wazima, kuangalia usalama na kipimo. Ya pili ni mamia. Ya tatu ni maelfu, kulinganisha na tiba iliyopo. Ya nne huja baada ya dawa kuruhusiwa, kufuatilia madhara adimu. Uliza uko kwenye awamu ipi, kwa sababu katika ya kwanza yasiyojulikana ni mengi zaidi. RTS,S iliundwa maabara mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto Oktoba 2021. Hesabu mwenyewe.

Nani anawaruhusu hawa watafiti?

Tanzania Bara, kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na kama kuna dawa au kifaa kinachojaribiwa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Zanzibar wana taasisi yao ya utafiti wa afya na kamati yake. Kenya kuna kamati za maadili zilizoidhinishwa, kuna kibali cha NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kwa dawa kuna Bodi ya Famasia na Sumu. Uganda ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Kwenye fomu pana namba ya simu ya kamati, na hiyo siyo ya mtafiti. Ni ya kumshtaki mtafiti ikibidi. Ipige.

Fomu ni ndefu na mimi si msomaji. Nisaini tu?

Usisaini tu.

Fomu inapaswa kuwa kwa lugha unayoielewa, na mtu akusomee yote polepole. Asiyejua kusoma ana haki ya kuwa na shahidi anayemchagua, asiye mtu wa utafiti, anayesikiliza mwanzo hadi mwisho kabla ya dole gumba kuwekwa. Unaweza kwenda nayo nyumbani. Unaweza kurudi kesho, au kesho kutwa, au usirudi.

Nimeona fomu zilizotafsiriwa vibaya kiasi kwamba hata mimi niliyesomea sikuelewa zinasema nini. Mahali fulani nilipofanya kazi, neno la bahati nasibu liliandikwa "bila mpangilio", na watu wakadhani wanaambiwa kwamba utafiti wenyewe hauna mpangilio. Walikataa, na walikuwa na haki. Tulipobadilisha tukaeleza habari ya kura, mazungumzo yakawa mengine kabisa. Ukisikia neno hulielewi, kosa ni la aliyeandika.

Lazima mume wangu akubali?

Kama mshiriki ni wewe na umetimiza miaka 18, ridhaa ni yako. Najua nyumba nyingi jambo kama hili huzungumzwa kwanza, na ukitaka kuzungumza naye chukua muda wako. Mtafiti mwenye adabu atakungoja, na hata atakubali kuja kumweleza baba watoto. Ila asikuambie mtu kwamba saini ya mume inasimama badala ya yako.

Kwa mtoto, anaridhia mzazi au mlezi halali. Mtoto mkubwa anayeelewa naye anaulizwa, na akisema hataki anasikilizwa.

Na mtoto akifika hoi, kuna muda gani wa kusoma fomu?

Hakuna, na kulazimisha hivyo ni ukatili kwa mzazi na hatari kwa mtoto. Katika utafiti wa FEAST kamati za maadili ziliruhusu mzazi aelezwe kwa ufupi na akubali kwa mdomo, kisha mtoto akitulia aelezwe yote kwa kirefu na aamue kama anaendelea. Utaratibu huo unaruhusiwa kwa dharura pekee.

Nikikataa, nitahudumiwa vibaya?

Hapana. Ukiona umehudumiwa vibaya kwa sababu ulikataa, hiyo ndiyo simu ya kwanza ya kupiga kwenye kamati.

Na nikiacha katikati?

Unaacha siku yoyote, bila kutoa sababu. Naomba jambo moja tu: sema kwamba unaacha, usipotee. Baadhi ya dawa hazifai kukatwa ghafla, na tukijua tunaweza kukuhamishia kliniki ya kawaida salama. Tukikosa kukuona tunabaki tukiwaza kama u mzima.

Nikiumia?

Majaribio ya dawa hutakiwa kuwa na bima ya washiriki. Madhara yanayotokana na utafiti yanatibiwa bila wewe kutoa shilingi, na tukio kubwa lazima liripotiwe haraka kwa kamati na kwa mamlaka ya dawa. Kabla ya kusaini, uliza sentensi hii hii: "Nikiumia usiku wa manane nimpigie nani, na nani atalipa?" Asiyeweza kujibu papo hapo, usisaini kwake.

Mnalipa shilingi ngapi?

Unarudishiwa nauli, na hufidiwa muda wako na chakula. Kiasi hicho kamati imekikubali mapema. Hakiwi kikubwa mno kwa makusudi, ili mtu asije akauza mwili wake kwa sababu ya njaa ya nyumbani. Wewe nawe hulipi kitu. Ukidaiwa pesa ili uingizwe kwenye "utafiti", umekutana na tapeli.

Utafiti ni wa malaria na UKIMWI tu? Meno je?

Meno yana historia ambayo watu wa kwetu wanapaswa kuijua, maana sehemu yake ilianzia hapa.

Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakipeleka huduma ya meno vijijini. Mashine ya kutobolea jino inataka umeme na maji ya bomba, kijiji hakina. Jino likitoboka kidogo tu, tiba ilikuwa kusubiri liume kisha ling'olewe. Wakaanza kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake, kisha wanaziba kwa saruji ya meno inayonata. Hakuna kelele, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Wazo likiwa zuri namna hiyo, kishawishi ni kulieneza siku hiyo hiyo. Wao hawakuishia kwenye wazo: miaka ya mwanzo ya 1990 yalifanyika majaribio Thailand na Zimbabwe, vijino vilivyozibwa vikafuatiliwa mwaka hadi mwaka kuona vingapi bado vimeziba. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitambulisha njia hiyo kwa ulimwengu, na mwaka 2021 saruji ya aina hiyo iliingizwa kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na ile dawa ya matone inayosimamisha kuoza ingawa huacha doa jeusi. Mtoto wa shule anayezibwa jino leo chini ya mwembe, mahali pasipo na umeme, anatibiwa kwa kitu kilichozaliwa Tanzania.

Kinywa kina faida moja kwa mtafiti: kina upande wa kulia na wa kushoto. Katika baadhi ya tafiti jino la upande mmoja linapewa tiba hii na la upande wa pili tiba ile, na mtu mmoja anakuwa kipimo cha nafsi yake.

Utafiti wa kinywa una kazi nyingine pia kwetu, ya kuokoa watoto kutoka kwenye imani ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akipata homa au kuharisha, fizi zikionekana zimevimba, anapelekwa kwa mtu anayechimbua vijino vichanga kwa kisu au spoku ya baiskeli. Tafiti zilizofanyika Tanzania zilionyesha kwamba uvimbe ule ni vijino vya kawaida vinavyojiandaa kuota. Mtoto alikuwa anaumwa kitu kingine kinachotibika, na aliishia kupata kidonda, maambukizi, na meno ya chonge yaliyoharibika daima.

Na usisahau taya. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Uganda, meno yakilegea na uso ukivimba upande mmoja kwa wiki chache. Mwaka 1961 akasafiri kwa gari maili kama 10,000 hadi kusini mwa Afrika, akiingia hospitali moja baada ya nyingine akiuliza: mnawaona watoto wa namna hii? Ramani yake ilifuata maeneo ya joto na mvua, na kutoka kwenye sampuli za uvimbe huo ndiko wanasayansi wa London walikoona mwaka 1964 kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mtoto mwenye meno yanayolegea kabla ya wakati wake asiishie kwa mng'oa meno. Apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo.

Mimi ni mjamzito. Siruhusiwi?

Kwa miongo mingi wajawazito waliachwa nje ya tafiti kwa nia ya kuwalinda, na matokeo yake wanatumia dawa nyingi ambazo hakuna aliyezipima kwa wajawazito. Hilo linabadilika. Utafiti wa E-MOTIVE ulihusu wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Nusu ya hospitali ziliwekewa utaratibu mpya: karatasi ya plastiki yenye vipimo inayokusanya damu chini ya mama, ili ijulikane imevuja kiasi gani badala ya kukisia kwa macho, kisha tiba zote zitolewe kwa pamoja bila kungoja moja ishindwe. Mwaka 2023 matokeo yalitoka: kuvuja damu kukali, upasuaji wa kuzuia damu au kifo kutokana nayo vilipungua kwa asilimia 60. Dawa zote zilizotumika zilikuwa za zamani. Nilipoyasoma nilifikiria mama mmoja wa zamu yangu ya miaka ya nyuma, na kanga zilizoloa ambazo tulizitazama tukasema "si nyingi".

Kuna watu waliowahi kudhulumiwa na utafiti?

Ndiyo, na asiyekubali kulisema hafai kukuomba saini. Tuskegee, Marekani, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa tangu 1932 hadi 1972 bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na penisilini ilipopatikana hawakupewa. Lund, Uswidi, katika miaka ya 1940, wagonjwa wenye ulemavu wa akili wa hospitali ya Vipeholm walilishwa peremende zinazonata ili ionekane kama sukari inatoboa meno. Yalitoboka. Tunachojua leo kuhusu kula vitamu kati ya mlo na mlo kimetoka kwa kiasi kikubwa kwenye vinywa vya watu wale, ambao hawakuweza kukubali wala kukataa. Kamati, fomu, mashahidi na namba za simu nilizozieleza hapo juu vimetokana na dhuluma za namna hii.

Utafiti ukiisha, nitaambiwa matokeo?

Unapaswa kuambiwa. Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na linaniuma. Matokeo yanaandikwa kwa Kiingereza kwenye majarida, yanasomwa mikutanoni, na aliyetoa damu Korogwe au Siaya hasikii kitu. Nimewahi kusimamishwa kituo cha daladala na mama ambaye mwanawe alikuwa kwenye utafiti niliokuwa nikiuelezea miaka kadhaa nyuma. Aliniuliza, "Dada, ile dawa ilifanya kazi?" Mtoto alikuwa amesimama pembeni yake, yuko darasa la nne. Wala hakuwa analalamika. Alitaka kujua tu. Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Ilinibidi nikalitafute, nikamrudia kwa simu jioni.

Tangu hapo kila ninapomweleza mtu namwambia aulize kabla ya kusaini: matokeo yataletwa lini, kwa lugha gani, na nani atakuja kuyasema hapa kijijini? Swali hilo likiulizwa na watu 20 wa kwanza, linaingia kwenye bajeti.

Nakala ya fomu niitunze?

Itunze. Ni yako, wasikunyime. Iweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, kwenye mfuko wa nailoni isilowe, na namba zile mbili za simu, ya kamati na ya kupiga ukiumia, ziandike pia nyuma ya kadi.